Mauzo ya iPhone Yalipanda au Yalishuka?

Swali: Nimesoma habari mbili kuhusu matokeo ya kifedha ya kampuni ya Apple ya miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2017. Ya kwanza inasema mauzo ya iPhone yaliongezeka kwa asilimia 13. Ya pili inasema yalipungua kwa asilimia 1. Ni ipi iliyokosea? Na je, maneno mauzo, mapato na faida yana maana moja?

Jibu: Hakuna habari iliyokosea hesabu. Zote mbili zimetumia neno mauzo bila kulifafanua, na hapo ndipo msomaji alipopotezwa. Katika kipindi hicho Apple iliuza simu milioni 77.3, ilhali katika kipindi kama hicho mwaka uliotangulia iliuza simu milioni 78.3. Fedha zilizopatikana kutokana na simu hizo, hata hivyo, zilikuwa dola bilioni 61.6, kutoka dola bilioni 54.4. Idadi ilishuka kidogo, fedha zikapanda sana, kwa sababu iPhone X iliingia sokoni Novemba 2017 kwa bei ya kuanzia dola 999 na kuupandisha wastani wa bei ya simu moja kutoka dola 695 hivi hadi karibu dola 796.

Utata huu umo katika neno lenyewe. Nomino nyingi tunazoziunda kutokana na vitenzi kwa kiambishi ma- hutaja tendo, na papo hapo hutaja kile kinachotokana na tendo hilo. Malipo ni kule kulipa, lakini pia ni fedha zinazolipwa. Mauzo nayo ni kule kuuza, ambako hupimwa kwa idadi ya bidhaa zilizotoka, na ni fedha zilizoingia kwa kuuza. Katika mazungumzo ya kawaida maana hizo mbili hukaa pamoja bila taabu, kwa kuwa muktadha huzitenganisha. Katika habari ya fedha hazikai pamoja, kwa kuwa kila moja ina tarakimu yake, na tarakimu hizo zinaweza kwenda pande tofauti kama tulivyoona.

Ushauri wangu kwa waandishi ni kukirudia kitenzi pale nomino inapoleta utata: «Apple iliuza simu chache kidogo kuliko mwaka uliotangulia, lakini ikapata fedha nyingi zaidi.» Anayetaka kubaki na nomino aseme «idadi ya simu zilizouzwa» au «mapato yaliyotokana na mauzo ya simu». Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu tangu robo, yaani kipindi cha miezi mitatu, iliyoishia Desemba 2018 Apple haitangazi tena idadi ya simu inazouza. Kwa hiyo mwandishi anayetaja idadi ya iPhone zilizouzwa baada ya hapo anatumia makadirio ya kampuni za utafiti, ambayo mara nyingi huhesabu simu zilizopelekwa sokoni, si zile zilizokwisha kununuliwa na watumiaji. Neno makadirio halina budi kuonekana katika sentensi yake.

Mapato na faida si kitu kimoja, na hapa sioni nafasi ya mjadala. Mapato ni fedha zote zinazoingia kutokana na biashara kabla ya kutoa gharama. Faida ni kinachobaki baada ya gharama kutolewa, na inafaa kusema kama ni kabla au baada ya kodi. Gharama zikizidi mapato, kilichopo ni hasara. Jihadhari na sentensi «hasara imepungua», kwani wapo wanaoisoma kana kwamba kampuni imeanza kupata faida. Kitengo cha simu cha LG kilipata hasara kwa robo 23 mfululizo kabla ya kampuni kutangaza, Aprili 2021, kwamba inaachana na biashara hiyo. Katika mlolongo mrefu kiasi hicho, hasara ya robo moja ikiwa ndogo kuliko ya robo iliyopita bado ni hasara.

Kwa kampuni za mitandao ya simu neno mauzo linazidi kutofaa, maana sehemu kubwa ya fedha zao hutokana na huduma za kupiga simu na intaneti. Verizon na T-Mobile, kwa mfano, hutenganisha mapato ya huduma na mapato ya vifaa. Ukiandika tu kwamba «mauzo ya kampuni yameshuka», msomaji hawezi kujua kama wateja wamepunguza matumizi ya mtandao au wameamua tu kukaa na simu zao za zamani kwa muda mrefu zaidi, na hayo ni mambo mawili yasiyofanana kabisa kwa afya ya kampuni.

Kosa jingine, ambalo hulikuta mara kwa mara, ni kuchanganya kwa na hadi. «Mapato yaliongezeka kwa dola bilioni 88.3» maana yake ni kwamba hicho ndicho kiasi kilichoongezeka. Ukweli ni kwamba mapato yote ya Apple katika kipindi ulichokitaja yaliongezeka hadi dola bilioni 88.3, kutoka dola bilioni 78.4, yaani kwa takriban dola bilioni 9.9. Vivyo hivyo kwa asilimia: sehemu ya soko ikitoka asilimia 20 na kufika asilimia 25, usiandike kwamba imeongezeka kwa asilimia 5, kwa kuwa ongezeko lenyewe ni robo ya ile ya awali. Andika «kutoka asilimia 20 hadi asilimia 25», na utata unakwisha.

Limebaki neno robo. Kwa Samsung, robo ya kwanza ni Januari hadi Machi. Kwa Vodafone, ambayo mwaka wake wa fedha huisha tarehe 31 Machi, ni Aprili hadi Juni. Kwa Apple huanza mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na ndiyo maana kipindi unachokiulizia huitwa na kampuni yenyewe robo ya kwanza ya mwaka wa fedha wa 2018, ingawa siku zake zote zilikuwa za mwaka 2017. Tena kilikuwa na wiki 13, ilhali kile kinacholinganishwa nacho kilikuwa na wiki 14, kwa hiyo wastani wa simu zilizouzwa kwa wiki kwa kweli uliongezeka. Mwandishi wa habari yako ya pili angeandika hivi: «Katika wiki 13 zilizoishia tarehe 30 Desemba 2017, Apple iliuza simu milioni 77.3, pungufu kwa asilimia 1 kuliko zilizouzwa katika wiki 14 za kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.»