Kamera za sokoni na mtaani: mmeuliza, najibu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kamera za ulinzi, zile zinazofungwa na halmashauri kwenye masoko, stendi na njia panda. Nimeyafupisha bila kugeuza maana, na majina nimeyaacha.

"Niliibiwa begi la mauzo sokoni. Baada ya wiki tano nikaenda ofisi ya soko kuomba picha, nikaambiwa zimeshafutika. Nahisi wananificha mtu wao." (Muuza mitumba, Dodoma mjini)

Pole sana, dada. Huenda walikwambia kweli, na ukweli huo unauma kuliko uongo. Kamera moja yenye picha nzuri hula kama gigabaiti 43 kwa siku. Kwa siku 30 inakaribia terabaiti 1.3 (terabaiti moja ni gigabaiti elfu moja). Zikiwa kamera 20, unahitaji terabaiti 26 kutunza mwezi mmoja tu. Diski ikijaa, mashine haimuulizi mtu: inaanza kuandika juu ya picha za zamani zaidi, na zilizofutwa hivyo ni nadra kurudi. Kwa hiyo wiki tano ni muda mrefu mno.

Nawalaumu kwa jambo jingine. Mtu anayefanya biashara chini ya kamera hizo, analipa ushuru kila siku, alipaswa kuambiwa tangu mwanzo kwamba picha zinakaa siku kadhaa. Kibao kimoja langoni kingetosha: kamera ni za nani, za kazi gani, picha zinakaa siku ngapi, ukipata tatizo piga namba gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za watu zikusanywe kwa uwazi na kwa kusudi linalojulikana. Na sura yako kwenye picha ni taarifa yako binafsi.

"Sasa likinikuta mimi, nianzie wapi?" (Dereva wa bajaji, Area C)

Anza siku hiyohiyo, kaka. Nenda kituo cha polisi ufungue jalada, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kisha peleka barua fupi kwa msimamizi wa eneo, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, ukiomba picha za muda huo zitengwe zisifutwe. Usiombe kwanza kupewa picha, omba zihifadhiwe. Mpelelezi atazifuata kwa maandishi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Na saa! Hapa naomba unisikilize vizuri. Niliwahi kuibiwa simu kwenye stendi moja, nikaandika kwenye fomu "saa 2:00 usiku". Kijana wa mitambo akafungua 02:00. Tukaona mlinzi amejifunika koti na mbwa amelala chini ya benchi. Nikamwambia, mdogo wangu, ni saa mbili ya usiku, watu bado wanashuka kwenye mabasi. Akafungua 20:00. Vibanda vimefungwa, hakuna mtu. Tulihangaika karibu saa nzima, mpaka yeye mwenyewe akagundua kwamba kona ya skrini imeandikwa 17:00 na nje ni giza totoro. Saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Hakuna aliyeirekebisha tangu ifungwe. Tukio letu lilikuwa pale, kwenye saa kumi na moja jioni ya uongo.

Kwa hiyo andika namna zote mbili: "saa mbili usiku, yaani 20:00". Taja ulivaa nini, ulitokea upande gani, ulisimama karibu na kibanda kipi. Atakayetafuta picha hajui sura yako.

"Picha ya kamera inakubalika mahakamani?" (Mwanafunzi, UDOM)

Inakubalika. Ila Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime namna picha ilivyopatikana, ilivyotunzwa, na kama kuna uhakika kwamba haikuchezewa. Klipu iliyorekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini, ikapita magrupu manne ya WhatsApp, inaanza na mguu mbaya. Ile saa mbovu niliyoisimulia nayo ni silaha mikononi mwa wakili wa mshtakiwa. Ndiyo maana daftari la chumba cha kamera, lenye nani aliingia, nani alitoa nakala, siku gani na kwa kibali cha nani, ni sehemu ya ushahidi kama picha yenyewe.

"Nguzo yenye kamera imesimama mbele ya nyumba yangu na inazunguka. Binti zangu wanaogopa kufungua dirisha." (Baba wa familia, Chang'ombe)

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yao ni ya haki kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, familia yake na makazi yake. Na jambo hili lina dawa rahisi: mitambo mingi ya kamera ina uwezo wa kuziba eneo, dirisha lako likaonekana kama kipande cheusi hata kamera ikizunguka. Ni kazi ya dakika chache.

Mwone mtendaji wa mtaa, kisha mwandikie mkurugenzi, uombe eneo lako lizibwe na uite mtu wako akaone kwenye skrini kwamba limezibwa kweli. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hilo si kupinga ulinzi, asikutishe mtu.

"Zinasikia tunachoongea?" (Mama lishe, Majengo)

Kamera nyingi za barabarani zinachukua picha tu, lakini zipo zenye kinasa sauti. Uliza, ujibiwe.

"Mtaani kwetu tunataka kuchanga tufunge kamera nne. Mwenyekiti anasema wizi utakwisha." (Mkazi, Nkuhungu)

Wizi hautakwisha. Uchambuzi wa tafiti za miaka 40 uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kamera zinapunguza uhalifu kwa wastani wa asilimia 13, zaidi kwenye maegesho ya magari. Kwa makosa ya kupigana na kujeruhi haukuona nafuu ya maana. Pia zilifaa zaidi pale palipokuwa na mtu anayeziangalia, na mambo mengine kama taa.

Ningekuwa kwenye mkutano wenu ningesema taa kwanza. Kisha mhesabu vitu ambavyo fundi hawatajii: betri ya kuendesha mashine umeme ukikatika, diski ya akiba, mshahara wa mtu. Na kitambaa. Kiangazi cha Dodoma mnakijua. Upepo wa Julai unabeba vumbi jekundu mpaka kwenye sahani ya chakula. Nimepanda ngazi kufuta kioo cha kamera ambayo kila mtu aliiamini. Kitambaa kilishuka na rangi ya matofali, na kwenye taa zake ndogo za usiku buibui alikuwa ametandaza utando, kwa sababu wadudu hukusanyika pale. Usiku ilikuwa ikirekodi utando ule tu.

Mkikubaliana kufunga, azimio liandikwe kwenye muhtasari: nani anashika nywila, picha zinakaa siku ngapi, nani haruhusiwi kuingia. Na mjisajili kwa Tume, kwani kukusanya taarifa za watu kunataka usajili.

"Mlinzi mmoja alirusha klipu ya dada aliyeanguka sokoni, watu wakamcheka. Ni kosa?" (Msomaji, Chamwino)

Ni kosa, na mimi limenikera mno. Dada yule alikwenda kununua mboga. Kamera ile iliwekwa imlinde. Kutoa taarifa za mtu kwa kusudi tofauti na lile zilizokusanyiwa, bila ridhaa yake, kunamfikisha mhusika mahakamani, na sheria inampa aliyeumizwa haki ya kudai fidia. Kama unamfahamu, mwambie atunze nakala ya ujumbe ule pamoja na tarehe na namba iliyoutuma, kabla haujafutwa.