Hesabu za msingi naziweza, bado nisome mbinu za kuzifundisha?

Umeuliza kama kozi ya mbinu za kufundisha hisabati kwenye chuo cha ualimu unaweza kuipitia juujuu, maana hesabu za msingi unazijua. Usithubutu. Kujua kwamba sehemu 1/2 ni kubwa kuliko 1/3 si kazi. Kazi ni kumwelewa mtoto anayebisha kwa sababu 3 inaizidi 2. Mpe karatasi mbili zinazolingana, akunje moja vipande viwili sawa, nyingine vitatu, kisha avipandanishe mwenyewe. Kosa hilo la mtoto liandike mapema kwenye andalio la somo, yaani mpango wako wa kipindi. Lengo kama "mwanafunzi aelewe sehemu" halipimiki, na mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha atalikata; andika "alinganishe sehemu mbili kwa kuchora". Halafu, kabla ya kulipa ada, hakikisha mamlaka inayotoa leseni ya ualimu inakitambua chuo chenyewe.