Usimweke Beethoven chini ya hesabu ya kura, nakusihi

Acha. Hiyo spika irudishe kwenye boksi kwanza.

Nimesoma swali lako mara mbili. Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, ukishapiga kura, unataka kukaa nyumbani TV ikiwa wazi bila sauti, na muziki wa klasiki ulie kutwa, ili matokeo yakukute umetulia. Umeuliza uweke vipande gani, spika ikae wapi, na watoto wafanye nini. Mimi nilifanya hivyohivyo 2022. Hivyohivyo kabisa, ila sikuwa na watoto.

Aliyenipotosha ni jamaa mmoja wa video, wale wenye sauti ya kubembeleza na mshumaa nyuma ya kichwa. Eti muziki utazipoza habari. Kuzipoza! Kama chai kwenye kisahani. Huyo hajawahi kusubiri matokeo ya urais siku sita. Kitu pekee alichowahi kusubiri ni pizza.

Tulipiga kura Jumanne, Agosti 9. Baada ya vituo kufungwa, IEBC, tume ya uchaguzi, ikaanza kuweka fomu za 34A, zile za matokeo ya urais, kwenye tovuti yake kila mtu azione, fomu kwa kila kituo, vituo 46,229. Kwa nchi jambo zuri, kwa mtu kama mimi sumu. Nikafungua Excel. TV mbele yangu kimya, hedifoni masikioni, nikaweka sehemu ya pili ya Simfonia ya Saba ya Beethoven ijirudie yenyewe. Unaijua: taaa-ta-ta-taa-taa, nyuzi nzito zinaanza kama watu wanaofuata jeneza bila haraka, kisha sauti nyingine inapanda juu yao. Nilikuwa naipenda tangu kidato cha pili, mwalimu wetu wa kwaya alipotusikilizisha kwenye kaseti iliyokuwa ikivuta kwa joto.

Nadhani ilijirudia zaidi ya mara mia. Juu yake mimi napiga tarakimu tu. Vituo vya TV navyo kila kimoja na jumla yake, huku anaongoza huyu, kule yule, kwa sababu kila chumba cha habari kilikuwa kikiokota fomu kwa mpangilio wake. Kila nikibadilisha stesheni moyo unapanda, Beethoven naye anaendelea kutembea. Saa nane usiku wa Alhamisi, nikiwa na fomu 1,312 mkononi, nikampigia shemeji kumtangazia mshindi. Jumatatu tarehe 15 Bomas, ukumbi wa Nairobi zilikojumlishwa kura, ikatangaza mwingine. Mpaka leo sherehe za ukweni naitwa Chairman, kama mwenyekiti wa tume, natengewa kiti cha mbele, naombwa nisome fomu kabla ya sala. Sufuria ya githeri iliungua hadi ikatoboka, lakini hiyo hata siihesabu.

Hasara yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka jana mwalimu wetu alifariki. Tukakutana wanakwaya wa zamani, mmoja akatoa spika ndogo mfukoni, akaweka ileile. Taaa-ta-ta-taa-taa. Watu wazima wenye vitambi wanalia. Mimi niliyejigamba miaka yote kwamba ndiye niliyempenda mwalimu kuliko wote, nilikuwa naiona fomu moja iliyopigwa picha upande, wino umefifia, tarakimu ya mwisho haijulikani kama ni saba au moja. Mia mbili kumi na saba au mia mbili kumi na moja? Nilijaribu kuukumbuka uso wa mwalimu. Nikarudi kwenye ile saba. Kidole kilikuwa kinagonga paja kama kwenye kompyuta. Wenzangu wakadhani uchungu umenizidi, mmoja akanishika bega. Nikamwacha anishike, ningemwambia nini?

Hicho ndicho alichoninyang'anya yule wa mshumaa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: habari saa yake, muziki saa yake, na katikati mlango ufungwe. Usinijibu kwamba utaweka sauti ya chini. Sauti ya chini ndiyo inayoingia bila hodi. Simfonia hiyo ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, Desemba 1813, tamasha lilikuwa la kuchangia askari waliojeruhiwa vitani Hanau. Ulaya inapigana na Napoleon, habari zao zilikuwa nzito kuliko zetu, na bado waliokuwa ukumbini waliiomba sehemu hiyo ya pili irudiwe. Irudiwe! Si mara mia. Na hakuna aliyekuwa na jedwali mapajani.

Mimi nilijaribu njia hiyo Septemba 5 ya 2022, siku ya uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu kesi ya kupinga matokeo ya urais. Mchana nilikaa kwa kinyozi, nikamsikiliza Jaji Mkuu Koome, majaji wote saba kauli moja, nikabishana na kinyozi hadi akaninyoa upande mmoja kuliko mwingine. Basi, habari zikaishia pale kwenye kiti. Jioni nikazima TV kwa swichi ya ukutani, nikaizika simu ndani ya debe la unga, nikaweka konseto ya klarineti ya Mozart, klarineti moja mbele ya okestra, ile ya 1791, mwaka aliofariki. Nusu saa hivi, sehemu zote tatu, mara moja tu, mikono mitupu. Kwenye ile sehemu ya polepole klarineti iliposhuka, nikasikia tanki la jirani likijaa maji, na nikagundua kwamba kwa muda sikuwa nataka kujua lolote kuhusu mtu yeyote. Nimekaa na kichwa changu kilichonyolewa mshazari, nimeridhika kabisa.

Shemeji alikuwa amepiga mara nne. Unga ulikuwa umeingia hadi kwenye tundu la chaji.