Kwa mnaoanza kuandikia bendi sauti za Glenn Miller, kiongozi wa bendi ya swing (muziki wa dansi wa jazz) wa Marekani

Kila kijana anayeletea bendi karatasi zake za kwanza huja na kosa lilelile: klarineti juu, saksafoni nne chini, kisha analalamika kwamba "haitoki kama Miller". Wadogo zangu, kaeni tulimalize leo.

1. Klarineti inabeba wimbo. Teno mmoja (saksafoni ya sauti nene) anapiga wimbo huohuo oktava moja chini yake, yaani noti zilezile hatua nane chini. Alto wawili (saksafoni za sauti ya juu kuliko teno) na teno wa pili wanajaza upatanifu ndani ya oktava hiyo, wasitoke nje. Kosa linaingia kwenye kuandika. Klarineti ya B bapa (B iliyoshushwa nusu toni) husikika toni moja chini ya kilichoandikwa. Teno husikika oktava na toni moja chini. Kwa hiyo wote wawili wanasoma noti ileile, na oktava inajitokeza yenyewe! Ukimshusha teno kwenye karatasi, pengo linakuwa oktava mbili, sauti za kati hazina pa kuegemea, na kinachosikika ni ukungu. Tena msiuweke wimbo kati ya G ya mstari wa pili na B bapa ya mstari wa tatu: hapo klarineti ni nyembamba, saksafoni zitaimeza.

2. Mtetemo na pumzi: wote wanamfuata klarineti.

3. Msitafute mabingwa kabla ya sauti. Bendi ya Miller ya 1937 ilikuwa na wapigaji hodari, lakini haikuwa na alama ya kutambulika mbele ya viongozi wa bendi kama Benny Goodman, na ilivunjika mwanzoni mwa 1938. Mwaka huohuo akaunda nyingine, akampa klarineti ya kuongoza Wilbur Schwartz, kijana asiye na jina. Kiangazi cha 1939 walipiga kwenye ukumbi wa dansi wa Glen Island Casino, redio ikawarusha nchi nzima. Hadi Miller anaingia jeshini 1942, hakuna aliyehitaji kuuliza ni bendi gani inapiga.

4. Mwisho wa "In the Mood", iliyorekodiwa Agosti 1, 1939, unarudia kipande kilekile kwa sauti inayofifia, kisha bendi nzima inalipuka. Mpiga ngoma asikimbie sauti inaposhuka. Rudio la kwanza andikeni mp (laini kiasi), linalofuata p (laini), kisha pp (laini sana). Mkianzia p hamtakuwa na pa kushukia.