Wissen, kennen, können: usipitie Kiingereza

Kila anayeanza Kijerumani hukutana mapema na vitenzi vitatu, wissen, kennen na können, na walimu wengi wa kwetu huvieleza kwa kupitia Kiingereza. Viwili vya kwanza ni "know", cha tatu ni "can", basi. Mimi naishi na kufanya kazi Ujerumani, na jioni huwasaidia Waswahili wenzangu wanaojiandaa kwa mitihani ya Kijerumani ya A2 na B1, yaani ngazi ya msingi na ya kati. Ninachowaambia kwanza ni kwamba hiyo njia ya Kiingereza inazunguka bure. Kiswahili chako kimeshavitenganisha vitenzi hivi siku nyingi, ila hujawahi kuombwa uangalie.

Angalia kinachoandamana na kujua. Ukisema "namjua Asha", "naijua Köln", "naujua mtaa huu", kitenzi chako kimembeba mtu, mahali au kitu ndani yake, kwa ile -m-, -i- au -u-. Hapo ni kennen: Ich kenne Asha, ich kenne Köln. Ukisema "najua kwamba amefika", "najua anakoishi", "sijui kama watakuja", kinachofuata ni sentensi nzima. Hapo ni wissen: Ich weiß, wo sie wohnt. Usisahau mkato, na kitenzi cha pili kiende mwisho. Na ukisema "najua kuogelea" au "najua Kijerumani", yaani kazi au lugha uliyojifunza, hapo ni können: Ich kann schwimmen, ich kann Deutsch. Wengi hujikwaa hapa kwa sababu wameshakariri kwamba können ni kuweza tu, kwa hiyo huandika "Ich weiß Deutsch", na alama zinapotea.

Kuna mahali kanuni hii inalegea. Maneno kama das (hilo), es (hilo), alles (yote) na nichts (hakuna kitu) hukubali wissen bila sentensi kufuata: Das weiß ich (hilo nalijua), ich weiß nichts (sijui lolote). Jina la mtu au njia ya kwenda mahali hukubali wissen na kennen pia. Na shairi ulilolihifadhi kwa moyo ni la können: Ich kann das Gedicht auswendig. Haya yatakuingia kwa kusikia. Usiyaruhusu yakuchanganye mwanzoni.

Sasa kwa nini können, kitenzi cha uwezo, kishike lugha na mashairi? Kwa sababu asili yake ni kujua. Katika Kiingereza cha kale cunnan, ndugu yake, kilikuwa na maana ya kujua, kisha polepole kikahamia kwenye uwezo. Wajerumani wamehifadhi sehemu ya ile maana ya zamani, na Waskandinavia vilevile: Mswidi husema Jag kan svenska (najua Kiswidi), Mdenmaki Jeg kan dansk (najua Kidenmaki). Kwa hiyo "najua Kijerumani" yetu haiko mbali nao hata kidogo.

Wissen nacho kina siri inayomsaidia Mswahili kuliko mtu mwingine. Wanafunzi huniuliza kwa nini tunasema er weiß na er kann, bila ile -t ya mwisho kama er kennt. Jibu ni kwamba weiß na kann zilikuwa maumbo ya wakati uliopita zamani sana. Mzizi wa weiß ni ule ule wa kuona uliozaa videre ya Kilatini. Maana yake ya awali ni "nimeona", na aliyekwisha kuona anajua. Sisi tunafanya hivyo kila siku. Tunasema nimeelewa, amelala, ameketi: umbo ni la tendo lililokwisha, hali ni ya sasa. Ukilishika hilo, hutahitaji kukariri er weiß kama kioja.

Kuna jambo moja ambalo Kijerumani hakikufuati. Sisi tunatofautisha "sijui kuogelea" na "leo siwezi kuogelea, mkono unauma". Kijerumani hutumia kann kwa yote mawili, kwa hiyo taja sababu usije ukaeleweka vibaya. Waaislandi wangekuelewa mara moja: wana kunna kwa ujuzi na geta kwa uwezo wa wakati huo. Na kama umelelewa pwani, ambako "hawezi" ni mgonjwa, chunga sana: Er kann nicht haisemi lolote kuhusu homa. Sema Er ist krank.

Ukishatulia na hivi vitatu, lahaja hazitakutisha. Kwa "sijui", Bavaria utasikia I woaß ned, Berlin Ick weeß nich, Zürich Ich weiss nöd. Kaskazini, kwa wazee wanaosema Plattdeutsch, yaani Kijerumani cha kaskazini, ni Ik weet nich, na hapo uko mlangoni kwa Mholanzi, Ik weet het niet, na kwa msemaji wa Kiafrikana, Ek weet nie. Ile ß ya kusini na t ya kaskazini ni ndugu, kama Wasser na water. Uholanzi vitatu viko: weten, kennen, kunnen, ila lugha huko huenda na kennen, na mitaani utasikia Dat ken niet badala ya Dat kan niet (haiwezekani). Elewa ukisikia, lakini kwenye mtihani usiandike. Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya iliyo ndugu ya Kijerumani, kimefika mbali zaidi, maana kenen moja hubeba kuweza na kumfahamu mtu pia.

Kwa wauguzi, ambao ndio wengi katika kundi langu, nawaomba mfanye mazoezi ya vitatu hivi kwa maswali ya zamu. Kennen Sie den Patienten? (Unamjua mgonjwa huyu?) Wissen Sie, wann er operiert wird? (Unajua atapasuliwa lini?) Können Sie Blut abnehmen? (Unajua kuchukua damu?) Jibu kwa kitenzi kile kile ulichoulizwa. Kama kuchukua damu hujafundishwa, sema Das kann ich noch nicht (hilo bado sijui kulifanya), na watakuonyesha. Kama saa ya upasuaji huna uhakika nayo, sema Das weiß ich nicht, ich frage nach (hilo silijui, nitauliza), kisha nenda kaulize kweli.