Sabasaba Imefungwa, Mimi Ndiyo Kwanza Nanunua Krismasi

"Kaka, habari za kazi? Nina laki nne mkononi, nilitaka nikauze Sabasaba lakini naona ndiyo wanafunga. Nimeshachelewa?"

Ujumbe huo uliniingia Jumapili jioni, Julai 13, 2025, maonesho ya 49 ya biashara ya Sabasaba yakiwa yanafungwa. Nilikuwa humohumo viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, nimekalia bunda la mashuka namsubiri kijana wa guta. Nikamjibu dada yetu kwamba kwa kuuza amechelewa, kwa kununua amewahi. Hakunielewa. Najua na wengi wenu hamtanielewa, kwa hiyo leo acha niseme yote.

Tunaosomana hapa shida yetu ni moja: tutoke kwenye kupanga bidhaa chini, tupate fremu ya duka Kariakoo, hata ya kugawana na mtu. Hakuna anayependa kukimbizana na mgambo mpaka uzeeni.

Mimi nilianza na puto. Puto, miwani ya plastiki na saa za watoto zisizotembea, sikukuu ya Idi pale Mnazi Mmoja. Shangazi yangu mmoja, mtu wa maofisini, alinikuta na wajukuu zake akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu, "Mwanaume mzima na ndevu zake anauza puto." Akanunua mbili, akadai punguzo. Maneno yale sijayasahau na sina mpango wa kuyasahau. Mwaka jana ada ya mmoja wa wajukuu walewale imetoka mfukoni mwangu. Yeye anajua, na mimi najua.

Tuje kwenye mada. Dar inakula sikukuu mwaka mzima, lakini si kila sikukuu ina hela. Mapinduzi, Januari 12, watu wanalala. Siku ya Karume, Muungano, Nyerere Day, Uhuru, hizo watu wanafua, wanaangalia gwaride kwenye runinga, wanapumzika. Usijaze mzigo kwa ajili yake. Februari 14 ni maua na vitu vyekundu, na ikifika jioni waridi lisilonunuliwa ni takataka. Machi 8 akina mama wanataka vitenge vya sare, ila wameshanunua tangu Februari. Mei Mosi ni fulana na kofia za maofisi, tenda za wenye mashine za kuchapa, tusidanganyane.

Ramadhani ndiyo chuo chenyewe. Asiyefanya biashara anauona ni mwezi mmoja, kumbe kila kumi la siku lina wateja wake. Hata kabla haijaingia, siku za kuvunja jungu, hela iko kwenye chakula. Kumi la kwanza mtu anataka tende, tambi, chupa za chai, mabakuli ya uji. Ukimwonyesha dera anakushangaa. Kumi la kati ni la vitambaa, tena mwanzoni mwake, maana mafundi wanafunga daftari mapema, na fundi akishasema hapokei tena, kitambaa chako kimelala. Kumi la mwisho ni nguo za tayari, kanzu na viatu, na mtaa wa Kongo haupitiki.

Usiku wa kuamkia Idi ya 2025, saa tano hivi, mwezi umeshatangazwa, alinijia baba mmoja na njiti mbili za ufagio wa chelewa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amezikata kwa urefu wa nyayo za wanawe, moja kaifunga uzi mwekundu asije akazichanganya. Akawa anaingiza njiti ndani ya kiatu, anaacha nafasi ya kidole, anakikunja kiatu kuona soli, anaweka pembeni. Bei aliuliza mara moja tu. Viatu vile nilivichukua kabla ya mfungo, wakati muuzaji wa jumla ananibembeleza nimpunguzie mzigo. Kumi la mwisho mtu huyohuyo hata simu hapokei, na akipokea bei imepanda.

Umeona? Tangulia. Mteja akianza kutafuta, wewe uwe umeshamaliza kununua.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu. Idi ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 Machi 31. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Sasa ifuate na kidole kwenye kalenda: mwaka 2029 Ramadhani itaanza katikati ya Januari. Mzazi atakuwa na ada, sare, madaftari na futari, vyote juu ya mshahara alioumaliza Desemba. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, Krismasi ikiwa ndiyo kwanza imepita jana yake. Wewe unayesema una ndoto ya kuwa mfanyabiashara mkubwa, umeshakaa ukaliwaza hilo? Mimi nina daftari nimeliandika mpaka mwaka huo. Wananicheka. Waache wacheke.

Mpira nao una sikukuu zake. Simba Day ipo tangu 2009, na Yanga wana Wiki ya Mwananchi tangu 2019, zote zinaujaza Uwanja wa Mkapa, ambao ni wa watu 60,000. Kwa kawaida ni Agosti, ila mwaka wenye mashindano hapa nyumbani, kama CHAN ya Agosti 2025 (soka la Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani), tarehe zisikilizie, usikurupuke. Jezi usiguse kama hununui kwa wakala halali. Za kuiga zinakamatwa, na ukikamatwa umepoteza mzigo na mtaji. Kwa Simba Day chukua fulana nyekundu tupu, vitambaa vya kichwani, maji, na miamvuli midogo ya jua. Mimi ni Yanga wa kuzaliwa lakini siku hiyo nimevaa nyekundu juu mpaka chini, na mfuko wa kijani hauonekani mezani kwangu. Niliwahi kuona mteja anarudisha fulana kwa sababu chenji imetoka kwenye kibeti cha njano. Mjomba wangu ananiita msaliti mpaka leo. Msaliti mwenye kodi ya miezi sita mbele, mjomba.

Sasa Sabasaba. Wengi mnaing'ang'ania kwa kuuza. Siku za mwanzo watu wanakuja kushangaa, wanabeba vipeperushi na kupiga picha. Julai 7 yenyewe watu wanasukumana, lakini hela inaishia kwenye nyama choma, soda na michezo ya watoto. Kulipia banda kwa mtaji mdogo ni kujitafutia presha. Mwaka mmoja nilimwamini jamaa aliyeniambia tugawane banda. Nikampa hela taslimu, siku ya kwanza nakuta meza yangu ina vitu vya mtu mwingine na jamaa kazima simu. Sitaki hata kulisimulia zaidi, bado linaniuma.

Tangu hapo Sabasaba naiendea siku za mwisho, kama mnunuzi. Wapo waonyeshaji waliokuja na mizigo kutoka mbali, na hakuna anayetaka kuirudisha. Mchana bei ni ya maonesho, ikifika saa kumi na moja jioni, mabanda yanafunguliwa skrubu, bei inakuwa ya kuagana. Mashuka niliyokuwa nimeyakalia, ya pamba, wiki ya kwanza niliulizia nikaambiwa bei nikaondoka. Jumapili jioni mwenye mali aliniita mwenyewe kwa mkono.

Mashuka ya nini Julai? Ya Desemba. Kuanzia katikati ya Desemba Stendi ya Magufuli pale Mbezi haina pa kukanyaga, Wachaga wanapanda Moshi, na Mchaga haendi kwao mikono mitupu. Mashuka kwa mama, kitenge kwa shangazi, nguo za watoto wa kaka. Jiji linabaki jeupe, barabara hazina foleni, na muuzaji aliyengoja wiki ya Krismasi yenyewe anauziana na wenzake. Mzigo wangu wote lazima uwe umetoka kufikia Desemba 20. Baada ya hapo nabadilisha meza: madaftari, mabegi, soksi nyeupe za shule. Januari anayeuza mapambo namwonea huruma, na anayekopa ili auze Januari namwombea.

Msinielewe vibaya, hela haiji kwa kusoma makala. Watu wanapenda kuuliza "niuze nini" lakini kuamka saa kumi alfajiri hawataki. Mnaangalia video za matajiri mpaka bando linakata, kesho mnasema Dar ngumu. Dar haina ugumu kwa anayejua tarehe. Tangulia, basi. Nimesema na ninarudia.

Dada yangu wa laki nne, wewe fanya hivi. Maulidi mwaka huu wa 2025 yanaangukia mwanzoni mwa Septemba: chukua baraghashia na mitandio meupe sasa, kwa laki moja na nusu, usizidishe. Kuanzia Oktoba ni mahafali, na mashada ya maua ya kuvalisha wahitimu hununuliwa getini, dakika za mwisho, na mtu aliyechelewa na mwenye suti. Hayo nunua Agosti, weka ndani kwenye mfuko usiingie vumbi, maana shada likipauka halina mteja. Laki moja ya hapo inatosha. Inayobaki usiiguse mpaka Novemba, ndipo utaingiza nguo za watoto za Krismasi. Kariakoo nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, Jumamosi wauzaji wa jumla hawana muda wa mtu wa pisi kumi.

Na jina la anayeniuzia mashada silitoi, msihangaike kuniuliza faragha.