Barua ya faini ya maegesho Uingereza: hesabu siku kabla hujalipa

Ilikuwa Desemba, saa kumi na dakika kumi jioni, na giza lilishaingia. Nilikuwa nimetoka kumpa dawa bibi mmoja ninayemhudumia, nikamwekea chai mezani, nikafunga mlango nyuma yangu. Barabarani nikamkuta askari wa maegesho ameinama mbele ya gari langu, anapiga picha tairi. Kwenye kioo cha mbele alishabandika ile bahasha ya plastiki ya njano.

Nikamkimbilia. "Kaka, samahani, nilikuwa ndani kwa mzee. Kibali cha mgeni cha kuegesha hiki hapa, nimesahau tu kukiweka." Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akaniambia: ikishachapishwa mimi siwezi kuifuta, dada. Usiniombe mimi, waandikie.

Nina miaka tisa nchini hapa, sita kati yake nikihudumia wazee majumbani, na sijapata kuambiwa neno la maana zaidi ya hilo kuhusu gari. Sisi tuliokulia Tanga au Mombasa tumezoea kuwa jambo la barabarani linamalizwa barabarani. Unasimamishwa, unashuka, unasalimia, unajieleza, mtu anaiona sura yako. Hapa mara nyingi anayekuona ni kamera, na kamera haiamkiwi. Haki yako ipo, lakini iko kwenye karatasi na ina tarehe ya kwisha. Wenzetu wengi wanalipa kwa hofu siku ileile barua inapofika, hata kama hawana kosa. Wengine wanaitia kwenye droo wakisubiri isahaulike. Wote wanaumia.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, soma nani kaiandika. (Ninayoyasema hapa ni ya England na Wales, Scotland wana taratibu zao.) Herufi PCN zinawachanganya watu sana. Halmashauri ya mji huandika Penalty Charge Notice. Kampuni binafsi inayosimamia uwanja wa supamaketi au hospitali huandika Parking Charge Notice. Kifupisho ni kilekile, bahasha zinafanana, na ukiwa umetoka zamu ya usiku huwezi kuona tofauti. Ya kwanza ni adhabu ya kisheria. Ya pili ni dai la kampuni inayosema ulivunja masharti uliyoyakubali ulipoingia kwenye uwanja wake. Polisi nao wana barua zao, hasa za mwendo kasi. Hizo zinakutaka useme ndani ya siku 28 nani alikuwa anaendesha. Usizichezee, kwa sababu kutojibu ni kosa jingine, na mara nyingi adhabu yake ni kubwa kuliko ya lile kosa la mwanzo.

Tuanze na ya halmashauri. Nje ya London, kosa kubwa la kuegesha kwa kawaida ni pauni 70, dogo ni pauni 50, na ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Watu wakiiona hiyo nusu wanakimbilia kulipa. Lakini ukipinga ndani ya siku hizo 14 na wakakukatalia, kwa kawaida wanakurudishia nafasi ya kulipa nusu. Kuandika basi hakukupunguzii kitu. Mimi niliandika usiku uleule. Niliweka picha ya kibali cha mgeni, picha ya kibao cha mtaa, na ukurasa wa zamu yangu unaoonyesha saa niliyoingia na saa niliyotoka, jina la bibi nikiwa nimelifunika. Sikuwasimulia shida za maisha yangu. Nilieleza kilichotokea, nikaambatanisha ushahidi, nikaomba waifute. Wiki tatu baadaye wakaifuta.

Wangenikatalia, mwenye gari angetumiwa barua rasmi, na hapo kuna siku nyingine 28 za kupinga. Wakikataa tena, unakata rufaa kwenye baraza huru, bila kulipa hata senti. Anayefungiwa mlango ni aliyenyamaza: deni linaongezeka kwa nusu, linasajiliwa, na mwisho madalali wa mahakama wanabisha hodi. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: England, ukiwa umeegesha kihalali kwenye nafasi ya halmashauri na muda wako ukaisha, una dakika 10 za ziada kabla hawajaruhusiwa kukuandikia. Nimewahi kumsaidia mtu aliyeandikiwa dakika ya sita.

Ya kampuni binafsi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Gari langu lilisajiliwa Machi 2010, na namba yake ina 10 katikati. Nilikuwa na dakika ishirini kati ya mzee mmoja na mwingine, nikaingia kwenye uwanja wa maduka, nikabonyeza namba ya gari kwenye mashine huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikalipa. Siku kumi baadaye ikaja barua: pauni 100, au 60 nikiwahi ndani ya siku 14, kwa kosa la kutolipa. Nilikaa na ile risiti mkononi sielewi. Mwanangu ndiye aliyeona. Mahali pa sifuri nilikuwa nimeweka herufi O.

Tangu Septemba 2001 namba za magari hapa zina mpango mmoja: herufi mbili, tarakimu mbili, kisha herufi tatu. Ya tatu na ya nne ni tarakimu daima. Ukiona kitu cha duara mahali hapo, ni sifuri. Sasa naisoma namba yangu kwa sauti kila ninaposimama mbele ya mashine. Na ukiwa umeshakosea, usikubali kulipa zile 60. Kanuni za vyama vya kampuni hizi zenyewe zinasema kosa dogo la kuandika namba, kama O badala ya 0, likithibitishwa na risiti, dai lifutwe. Kampuni ilinikatalia mara ya kwanza kwa barua ya mistari minne. Barua ya kukataa ni lazima itaje chombo cha rufaa, ama POPLA ama IAS, na kwa dereva ni bure. Nilipokata rufaa, waliifuta kabla haijasikilizwa.

Hapa nataka kusema jambo kwa nguvu, kwa sababu limewaumiza watu ninaowapenda. Utasikia: "Hizo za kampuni binafsi tupa tu, hazina nguvu." Huo ni ushauri wa zamani. Tarehe 1 Oktoba 2012 kampuni binafsi zilikatazwa kufunga magari minyororo, lakini sheria hiyohiyo iliziruhusu kumdai mwenye gari hata kama haijulikani nani aliendesha. Na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba pauni 85 alizodaiwa dereva aliyepitisha muda kwa dakika 56 kwenye uwanja wa maduka mjini Chelmsford zilikuwa halali. Rafiki yangu alitupa barua tatu kwenye pipa. Kisha akahama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye kadi ya gari. Barua ya mahakama ikaenda kwa anwani ya zamani, hukumu ikatolewa yeye hayupo, na akaigundua mwaka uliofuata wakala wa nyumba alipomkatalia kupanga. Hukumu ya namna hiyo inakaa kwenye kumbukumbu zako za mikopo miaka sita, isipokuwa ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja. Yeye mwezi ulishapita zamani.

Ukihama, badilisha anwani ya kadi ya gari na ya leseni siku unayopata ufunguo. Ni bure, na unafanya mtandaoni. Nikitaja leseni, wageni wakumbuke kuwa ya Kenya au Tanzania inakuruhusu kuendesha miezi 12 tu tangu ulipoanza kuishi hapa. Haibadilishwi kwa ya Uingereza. Unafanya mtihani upya. Tunaendesha kushoto kama nyumbani, lakini hilo halikupunguzii somo hata moja.

Kuna pia maeneo ya hewa safi, yaani sehemu za mji ambako gari lenye moshi mchafu hulipia kupita, nayo ni mtego kwa sababu hayana geti na hakuna anayekuletea bili. Unapita, kamera inakusoma, na ni juu yako kwenda kulipa mtandaoni. Birmingham walianza tarehe 1 Juni 2021: gari binafsi lisilofikia kiwango ni pauni 8 kwa siku, na una siku sita baada ya kupita kulipa. London ni pauni 12.50, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 ni mitaa yote ya London, hadi kule pembezoni. Una hadi usiku wa manane wa siku ya tatu. Kwa kawaida gari la petroli la kuanzia 2006 linapita bure, na la dizeli ni la kuanzia Septemba 2015. Ndiyo maana dizeli za nyuma ya hapo zinauzwa bei ya kuvutia. Dada zangu mnaoanza kazi hii, kabla hujamlipa mtu pauni elfu moja kwa dizeli ya 2012, ingiza namba yake kwenye tovuti ya serikali. Ni dakika moja.

Na tahadhari ndogo: halmashauri haikutumii faini kwa ujumbe wa simu. Vile vibandiko vya QR vinavyobandikwa juu ya mashine za maegesho, wezi wamevitumia sana. Lipa kwa mashine, au kwa programu uliyopakua mwenyewe.

Mtu atauliza kwa nini tusipande basi tukaachana na haya yote. Ningependa sana. Nje ya London, tangu Oktoba 1986, kampuni za mabasi ndizo zilizoachiwa kuamua zipite wapi na saa ngapi, na halmashauri inabaki kulipia zile njia ambazo hazina faida, pesa ikiwepo. Mzee anahitaji kuamshwa saa moja asubuhi ya Jumapili, na basi la kwanza linapita saa tatu. Nauli imewekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari England, na ni msaada mkubwa, lakini nauli nafuu ya basi ambalo halipo haikufikishi kazini. Greater Manchester wamerudisha mabasi yao mikononi mwa umma kwa awamu, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025, na natamani kila mji ufuate. Mpaka hapo, ukitafuta chumba, usiangalie ratiba ya Jumatatu. Angalia ya Jumapili alfajiri, kisha ndipo utie saini.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha pamoja, dada mmoja aliyefika mwaka huu kutoka Morogoro alinivuta pembeni akatoa bahasha kwenye mkoba. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Tuliisoma pamoja: ya halmashauri, njia ya mabasi, pauni 70. Nikahesabu kwa vidole kutoka tarehe ya juu. Siku ya tisa. Tulipofungua picha zao mtandaoni, gari lililoonekana si lake. Namba ilitofautiana kwa herufi moja, na kamera iliisoma vibaya. Tukaandika palepale jikoni kwangu, chai ikapoa, tukatuma saa nne usiku, na akapiga picha ya skrini yenye namba ya kupokelewa.